Chura wa Kihansi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha baiolojia sekondari. Kila mwaka tukifika mada ya mazingira, lazima mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, wale vyura waliopanda ndege kwenda Marekani ni kweli?" Darasa zima linaangua kicheko. Swali hilohilo nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa msibani, na shemeji yangu umeme ukikatika tu humtaja chura kabla hajatafuta mshumaa. Wote wanamsema chura wa Kihansi, kiumbe mdogo wa Tanzania aliyepungukiwa maji mto wake ulipojengewa bwawa la umeme, kisha akatoweka porini. Nimechoka kujibu vipandevipande. Haya hapa yote kwa pamoja, na pale nilipoweka maoni yangu mwenyewe mtayaona.

Kihansi ni wapi?

Ni mto. Unaanzia juu kwenye nyanda za Udzungwa, kusini mwa Tanzania, unashuka ukingo wa milima kati ya mikoa ya Iringa na Morogoro, unaingia bonde la Kilombero, na maji yake mwishowe ni ya Rufiji. Kwenye kushuka huko unapita ndani ya korongo jembamba lenye maporomoko mengi. Ndani ya kilomita chache tu maji yanaanguka kimo cha mita 850 hivi. Mhandisi wa umeme akiona mteremko wa namna hiyo hapati usingizi.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita kule Kenya. Misitu yake ni ya kale sana na kila mlima umekaa kivyake kama kisiwa, kwa hiyo imejaa viumbe ambao hawapatikani pengine popote. Korongo la Kihansi lina hata mti wake wa kahawa wa porini, *Coffea kihansiensis*, ambao haujapata kuonekana kwingine duniani. Huo hauulizwi na mtu. Chura ndiye aliyebeba jina.

Huyu chura ana nini cha ajabu?

Kwanza udogo. Dume hafiki sentimita 2. Jike mkubwa anakaribia 3. Sarafu ya shilingi mia mbili inatosha kumkalisha dume na nafasi ikabaki. Rangi yake ni njano ya dhahabu, na ukimtafuta sikio kwa nje hulioni.

Pili, na hapa ndipo wanafunzi wangu huacha kucheka, hatagi mayai majini. Jike anabeba mimba. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba akikaa kwenye kioo nawe ukamtazama kwa chini, unawaona watoto wamejipanga ndani kama punje za mtama kwenye kifuko cha nailoni. Wanazaliwa vyura kamili wa milimita 5 hivi, weusi-weusi, na unjano unakuja baadaye wakikua. Kiluwiluwi hakuna. Yale mliyokariri ya yai, kiluwiluwi, mkia kupungua, miguu kutokeza, kwake hayapo.

Jina lake la kisayansi ni *Nectophrynoides asperginis*. Neno la pili linatokana na manyunyu. Jamii yake ina aina zaidi ya kumi, na zote ni za Tanzania.

Kwa nini aliishi Kihansi tu? Hakuweza kuhama?

Aliishi kwenye manyunyu. Maji yalipojipiga kwenye mwamba chini ya maporomoko yalirusha rasharasha usiku na mchana, masika na kiangazi, miaka nenda miaka rudi. Palipofikiwa na rasharasha hiyo pameota zulia la mimea laini inayotambaa, lililolowa wakati wote, na joto lake halipandi wala kushuka sana. Ndani ya zulia hilo kulikuwa na vidudu vya kula, maficho, na maji ambayo hayakuhitaji kunywewa kwa mdomo. Ukitoka mita chache nje ya rasharasha unaingia msitu wa kawaida, na hapo kwa chura huyu ni jangwa.

Eneo lote alilokalia lilikuwa hekta 2 hivi. Viwanja vitatu vya mpira havitimii. Na ndani ya hekta hizo walikuwa maelfu kwa maelfu. Anayesema angehama ajiulize ahamie wapi, wakati makazi ya namna hiyo yako pale tu.

Bwawa lilifanya nini hasa?

Bwawa la Kihansi ni dogo. Liko juu ya korongo, na kazi yake ni kuyakamata maji na kuyaingiza kwenye handaki linaloshuka ndani ya mlima hadi kwenye mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla 180. Yakishazungusha mitambo yanarudishwa mtoni kule chini. Kwa vipimo vya mabwawa ya umeme ni kazi safi: hakuna ziwa kubwa, hakuna vijiji vilivyozamishwa.

Lakini sehemu iliyorukwa, kati ya bwawa na mahali maji yanaporudi, ndilo korongo lenyewe. Kabla ya mradi mto ulikuwa ukipitisha pale wastani wa mita za ujazo 16 kila sekunde. Mitambo ilipowashwa, kati ya 1999 na 2000, maji yaliyobaki kupita korongoni hayakufika mita 2. Asilimia 90 imeondoka kwa mpigo. Maporomoko yakawa michirizi, na manyunyu yakakatika.

Mtu wa kawaida angetazama na kuona mto bado upo na msitu bado ni wa kijani. Chini kwenye zulia mambo yalikuwa mengine. Mimea ya unyevunyevu ilinyauka, magugu ya kawaida yakaanza kuingia, na siafu, ambao kamwe hawakuweza kukanyaga pale penye maji, wakapata njia. Siafu mnawajua. Chura wa sentimita 2 kwa siafu ni kitafunwa.

Mbona hawakumwona kabla ya kujenga?

Kwa sababu hawakumtafuta. Tathmini ya awali ya athari kwa mazingira haikuliingia korongo kwa undani. Ni mahali pabaya kufika: miamba inateleza, mteremko ni wa kushika mizizi, na ukishaingia kwenye rasharasha unalowa hadi mfupa. Watafiti waliotumwa kufanya uchunguzi wa muda mrefu walimkuta mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kushika kasi na mikopo imesainiwa. Maelezo rasmi ya kisayansi yalitoka 1999, yakiwa na majina ya Poynton, Howell, Clarke na Lovett. Kim Howell alikuwa mwalimu wa zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Yaani kiumbe amepewa jina na kunyimwa maji karibu mwaka huohuo. Mimi hapa ndipo ninapoweka kosa kubwa kuliko yote, na silioni kuwa kosa la wahandisi. Ni kosa la mpangilio: aliyetakiwa kuingia korongoni kwanza aliingia wa mwisho. Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ikamilike kabla ya koleo la kwanza, na Kihansi ni mojawapo ya sababu watu waliamka.

Ile "mvua ya kutengeneza" ilikuwa nini?

Mwaka 2001 yalitandazwa mabomba korongoni yenye midomo midogo ya kunyunyizia, maji yakishuka kwa uzito wake bila pampu. Nia ilikuwa kurudisha manyunyu kwa maji kidogo, ili umeme uendelee na chura aendelee.

Msicheke, ilifanya kazi. Mimea ilirudi, siafu wakarudi nyuma, na hesabu ya vyura ikapanda. Kufikia Juni 2003 makadirio yalikuwa kama vyura 20,000. Ila mfumo wenyewe ni kama bomba la bustani lililofungwa kwenye ukuta wa mwamba. Jani likiingia, mdomo unaziba. Tope likiingia, unaziba. Jiwe likianguka, bomba linapasuka, na lazima mtu ashuke korongoni kulitengeneza. Mto wenyewe haujawahi kuhitaji fundi.

Kama walifika 20,000, walikufaje tena?

Hili ndilo swali ninalolipenda. Wengi wanadhani hadithi ni bwawa likaja, vyura wakafa, mwisho. Sivyo. Vyura waliinuka baada ya bwawa, kisha ndani ya miezi michache ya 2003 wakaporomoka hadi kuhesabika kwa makumi. Januari 2004 walionekana 3 tu, na madume 2 wakasikika wakiita. Baada ya mwaka huo korongo likanyamaza. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini.

Mambo matatu yaligongana mwaka ule wa 2003. Mfumo wa kunyunyizia ulisumbua wakati wa kiangazi. Milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda mfupi kwa ajili ya majaribio, na tope lililokuwa limelala chini likashuka korongoni likiwa na mabaki ya viuatilifu kutoka kwenye mashamba ya mahindi ya juu. Na maradhi ya kuvu yakaonekana kwenye vyura waliookotwa wamekufa.

Dawa ya shamba la mahindi inamfikiaje chura wa msituni?

Fuata tone. Mkulima anapiga dawa, tuseme endosulfani, ambayo ni miongoni mwa zilizotajwa Kihansi. Sehemu inaua mdudu. Sehemu inadondoka udongoni. Dawa ya aina hii haipendi kuyeyuka kwenye maji. Inapenda kushika chembe za udongo. Mvua ikinyesha, udongo wa juu unasombwa na dawa ikiwa imeupanda mgongoni, hadi kijitoni, hadi mtoni.

Mto usio na bwawa ungeyapitisha hayo kidogokidogo, leo tone kesho tone, na maji mengi yangeyapunguza makali. Bwawa linabadilisha hesabu. Maji yakifika kwenye bwawa yanapunguza mwendo, chembe zinazama, na tope linajikusanya msimu kwa msimu. Bwawa linakuwa kibubu: kila mvua inaweka akiba yake ya sumu. Siku milango ya chini inapofunguliwa, akiba yote inatolewa kwa mkupuo, na kule chini maji ya kuipunguza ni yale yaliyobaki baada ya asilimia 90 kwenda handakini.

Chini huko anasubiri kiumbe ambaye hanywi kwa mdomo. Chura anavuta maji kwa ngozi, na sehemu ya hewa yake pia anaipata kwa ngozi hiyohiyo. Kilichomo majini kinaingia mwilini moja kwa moja. Tope lililopimwa lilikuwa na viuatilifu vya kiwango kinachoweza kuua chura huyu.

Endosulfani iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Kwa Kihansi ilikuwa miaka minane imeshapita.

Na hiyo kuvu?

Wataalamu wanaiita kitridi. Inashambulia ngozi ya vyura, inaifanya nene, na ngozi ikishindwa kazi chumvi za mwilini zinavurugika hadi moyo unasimama. Imemaliza vyura Australia, Amerika ya Kati na kwingineko. Ilitambuliwa na sayansi mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, kwa hiyo wakati Kihansi inajengwa karibu hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Vielelezo vya vyura vilivyohifadhiwa tangu kabla ya 2003 vilipopimwa havikuonyesha maradhi. Vya 2003 vikaonyesha. Inaelekea basi kuvu ililetwa. Inaweza kusafiri kwenye tope la viatu, kwenye vifaa, kwenye vyura wengine. Linauma kulisema, lakini huenda ililetwa na walewale walioshuka kumsaidia.

Kwa hiyo muuaji ni nani hasa: bwawa, dawa au kuvu?

Ukinibana, nasema kuvu ndiyo iliyomaliza kazi, na watafiti waliopitia ushahidi kwa undani wanaegemea huko. Lakini kuvu ilimkuta nani? Ilimkuta chura aliyesongamana kwenye vipande vya manyunyu ya bomba, aliyetoka kupigwa na kiangazi na tope la sumu, na hakuwa na kundi la pili popote duniani la kuziba pengo. Mgonjwa wa malaria akifa kwa njaa wodini, daktari ataandika kimoja kwenye cheti, na nyumbani kila mtu anajua yalikuwa mawili.

Hii ndiyo shida ya utafiti wa uchafuzi kwa ujumla. Maabara unampa chura sumu moja, kipimo kimoja, unaona matokeo. Porini sumu haiji peke yake. Inakuja na ukame, na maradhi, na makazi yaliyopungua, na kila kimoja kwa kiwango ambacho pengine peke yake kisingeua.

Ni kweli walipanda ndege kwenda Marekani?

Kweli kabisa. Mwishoni mwa 2000, hali ilipoonekana mbaya, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania. Baadaye wengine wakapelekwa bustani nyingine, na mwishowe waliofanikiwa kuwatunza wakabaki wawili: Bronx na Toledo, jimbo la Ohio.

Mwanzoni walikufa sana. Hakuna aliyejua wanahitaji mwanga wa aina gani, unyevu kiasi gani, chakula gani. Kufikia mwisho wa 2004 waliobaki hai hawakufika 70. Fikiria hilo: porini wamekwisha, na aina nzima ya kiumbe imebaki kwenye vioo vichache upande wa pili wa bahari, idadi yao ndogo kuliko darasa langu la kidato cha pili. Wahudumu walijifunza polepole: mwanga wa ultravaioleti, rasharasha kwa saa maalumu, inzi wadogo wa matunda na nyenje waliotoka kuanguliwa. Kisha wakaanza kuzaa, na kuzaa, hadi wakawa maelfu.

Lakini mwalimu, pesa zote hizo kwa chura, wakati hospitali hazina dawa?

Sikimbii swali hili, na wala anayeliuliza si mjinga. Bungeni limesemwa, magazetini limesemwa, na mama yangu mzazi amenisemea mezani.

Jibu langu lina vipande. Mtambo haukuzimwa. Megawati 180 zilipangwa na 180 zimefungwa. Kilichoachwa kwa ajili ya korongo ni maji kiduchu. Kwa hiyo shemeji, umeme unakatika kwa sababu nyingine. Pia mradi wa mazingira wa Kihansi, uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia na kuratibiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, haukuwa wa kununua nauli za vyura tu. Ulihusu bonde zima: maji, misitu, wataalamu, na hata maandalizi ya sheria ya mazingira tunayoitumia leo.

Kipande cha tatu ni changu mwenyewe. Gharama iliyotuuma ni ya kurekebisha. Laiti watu wanne wangelala korongoni wiki mbili kabla ya mchoro kukamilika, mrija wa kupitisha maji ya kutosha ungechorwa tangu mwanzo na wengi wetu tusingelisikia jina Kihansi. Hasira ya fedha ni halali. Mimi nisingeielekeza kwa chura.

Wamerudi?

Ndiyo. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania, kutoka Bronx na Toledo, wakawekwa kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maji yanachujwa, joto linadhibitiwa, na mhudumu haingii kihivihivi. Kituo kingine kimejengwa Kihansi kwenyewe. Mwaka 2012 majaribio ya kuwarudisha korongoni yakaanza, kwanza ndani ya vizimba vya wavu ili waonekane kama kuvu itawashika, kisha kuachiwa. Hutajwa kuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia, yaani chura na jamaa zake, aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Tangu hapo wameendelea kuletwa na kuachiwa kwa awamu.

Basi hadithi imeisha vizuri?

Haijaisha. Kuachia chura ni jambo moja, chura kuzaa porini na wajukuu wake kuzaa ni jambo jingine. Kuvu bado ipo kwenye vyura wengine wa korongoni ambao wao wanaivumilia. Manyunyu bado ni ya bomba. Na mashamba ya juu bado yanapiga dawa.

Wanyama wengine nao wanaathirika hivi?

Wapo wengi, na njia zinatofautiana. Tumbusi ndio mfano unaonitisha zaidi. Juni 2019 kaskazini mwa Botswana walikufa tumbusi 537 kwa mara moja, baada ya majangili kuitia sumu mizoga ya tembo. Jangili anamwogopa tumbusi kwa sababu akizunguka angani anamwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Kule India na Pakistani hakukuwa na jangili wala nia mbaya: ng'ombe walitibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hata sisi tunaimeza, na tumbusi waliokula mizoga wakafa kwa figo, hadi aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95.

Baharini kasa wanameza mifuko ya plastiki wakidhani ni kiwavuwavu. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Ya zamani bado inaelea.

Ila amfibia wamezidi. Tathmini ya dunia iliyotolewa 2023 inasema karibu asilimia 41 ya aina zao wako hatarini, zaidi ya ndege, zaidi ya mamalia. Sababu ya kwanza ni kupotea kwa makazi. Maradhi na mabadiliko ya tabianchi yanafuata. Ngozi ileile inayowaruhusu kunywa bila mdomo ndiyo inayowaponza.

Nalima mahindi. Nifanye nini, niache dawa?

Sijasema uache. Usipige mvua ikiwa imetanda. Acha ukanda wa majani kati ya shamba na kijito. Sheria ya mazingira inataka mita 60 na inajulikana kuwa wachache wanazitimiza, lakini hata kumi zenye majani zinashika udongo mwingi. Usioshee bomba la dawa mtoni. Chupa tupu usiitupe kijitoni. Na soma lebo, ikiwa imefutika au iko kwa lugha usiyoijua mrudishie muuzaji.

Mwanafunzi anaweza kufanya utafiti wa namna hii bila maabara?

Anaweza kuanza. Darasa langu lilichukua mfereji mmoja nyuma ya shule, na kila Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni wawili wanakwenda kuhesabu aina za milio ya vyura na kuandika mvua imenyesha au la. Huhitaji hata kumwona chura, unahitaji sikio na daftari. Wiki ya kwanza waliandika "vyura wengi". Wiki ya sita walikuwa wanabishana kama mlio wa nne ni chura au nyenje. Mwaka wa pili, baada ya gereji kufunguliwa juu ya mfereji na maji kuanza kung'aa rangi za mafuta, mlio mmoja ukapotea kwenye daftari. Haijathibitisha lolote, mwaka ule pia mvua zilikuwa haba. Niliwaambia wayaandike yote mawili.

Naweza kwenda Kihansi kuwaona?

Si mahali pa kwenda na kikapu cha chakula. Ni eneo la mtambo wa umeme na la utafiti, unahitaji kibali, na ukipata kibali bado kuna mteremko. Anayeruhusiwa kushuka huosha viatu kwa dawa ya kuua kuvu kabla ya kuingia, nyayo na kwenye mishono, na tope la jana la kiatuni linasuguliwa kwa brashi hadi liishe. Wanafunzi wangu huniuliza kama vyura wanajua yote hayo yanafanywa kwa ajili yao. Huwa nawarudisha kwenye brashi: tope likibaki kwenye mshono mmoja tu, anza upya.